Kungwi wa Kamba ya Kijani

Kamba ya kitambulisho chake ilikuwa ya kijani, kama zetu. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwake, kwa sababu mimi humtazama mtu amevaa nini kwanza, ndipo nisikilize anasema nini. Tabia hiyo nilitoka nayo nyuma ya meza ya mama yangu, sokoni Lindi. Alisimama mbele yetu katika ukumbi wa Kampuni, Kilwa Masoko, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ungedhani inakata, akatueleza kwamba ndani ya ua ule mna watu wa namna mbili. Wenye kamba ya bluu ni waajiriwa. Wenye ya kijani ni wanafunzi kazini. Bluu hupita lango kubwa, kijani lango dogo la upande wa mizani. Bluu hula kwanza, kijani hula bluu wakishanawa mikono. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesifia nyumba yake, na hiyo kijani inaning'inia kifuani pake.

Nilidhani amekosea kuchukua asubuhi. Nikamnong'oneza kijana aliyekaa kando yangu, "Huyu bwana kaazima ya mtu."

Yule kijana, Chande, mtu wa Kinjumbi, hakugeuza hata shingo. "Labda ya bluu iko kwa dobi."

Haikuwa kwa dobi.

Kampuni ilikuwa kubwa kwa kipimo chochote utakachokuja nacho. Ilinunua ufuta na korosho kutoka vijijini, ikasindika, ikafungasha, ikasafirisha ng'ambo, na wakubwa wake walikaa Dar katika jengo ambalo sisi tuliliona kwenye kalenda. Kila mwaka ilichukua wahitimu wa vyuo, ikawafundisha kazi kwa posho, na tangazo lake lilisema watakaofanya vizuri "watafikiriwa" kwa ajira ya kudumu. Mimi nilisomea manunuzi na ugavi. Neno hilo "watafikiriwa" ningelikuta kwenye karatasi ya muuza magunia, ningemrudishia karatasi yake na magunia yake. Lakini lilikuwa kwenye karatasi ya Kampuni, yenye nembo ya rangi, na mama yangu alikwisha watangazia watu wote wa mtaa wetu wa Mtanda kuwa mwanawe kapata kazi. Nikalisoma mara mbili, na mara zote mbili nikalisoma vibaya.

Yule bwana wa kamba ya kijani alikuwa wa kundi la kwanza kabisa la mpango huo. Wenzake walipomaliza walirudi makwao. Yeye aliambiwa asubiri kidogo, na akiwa anasubiri awaangalie hawa wapya. Mwaka uliofuata aliambiwa vilevile. Mameneja walikuja na kuondoka, na kila mpya alimkuta kama meza ya ofisini: ipo, inafaa, haina haja ya kununuliwa.

Jina la Kungwi walimpa waliotutangulia. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa kungwi ni nani. Ndiye anayekaa na wali wa jando na unyago ndani, anawafunza kula, kuamkia, kunyamaza, mpaka siku yao ya kutolewa nje, wapakwe mafuta, wavishwe nguo mpya, wapigiwe vigelegele, waitwe watu wazima. Na huyu kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Alitufunza jinsi ya kuandika barua pepe isiyomkera mkubwa. Alitufunza kwamba meneja akisema "wazo zuri" maana yake usilirudie. Alitufunza kuingia ofisi yenye kiyoyozi bila kujikunyata, maana mtu akijikunyata wanajua katoka wapi. Sisi wasichana alitukataza kuwachemshia chai wakubwa hata mara moja. "Ukichemsha leo," alisema, "umesomea chai."

Tulipomuuliza habari ya mikataba, alikuwa na jibu moja. "Mwali haulizi siku ya kutoka." Alilisema akitabasamu kidogo, kama mtu anayekurudishia chenji kamili. Tukacheka, kwa kuwa ni kweli, mwali haulizi. Ila mwali hujua kwamba nje kuna watu wanapika.

Katika kupatana bei sijaona mwingine kama yeye, na nasema hivyo mimi niliyefundishwa kupatana kabla ya kufundishwa kusoma. Kila kundi jipya lilipofika, aliwapeleka dukani kwa Bhai kununua mashati meupe, maana Kampuni ilitaka wanafunzi wake wavae meupe lakini haikutaka kuyanunua. Bhai alikuwa mzee wa Kihindi, duka la baba yake na la babu yake, Kiswahili chake cha Kilwa kuliko changu. Kungwi aliingia, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akashika ukosi wa shati kama mtu anayeshika kuku mgonjwa.

"Bhai, hili litafika Ijumaa?"

"Litafika mpaka uoe."

"Basi nitakulipa siku hiyo, maana mwenzako sioi."

"Punguza maneno nipunguze bei."

Walikwenda hivyo mpaka chai ya Bhai ikapoa, na mwisho mashati yakatoka kwa bei ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kuitamka. Halafu Bhai, akiwa anafunga mzigo, akasema bila kumtazama, "Kila mwaka unavalisha watoto wa watu. La kwako lini?"

"Langu Kampuni itanishonea."

"Haya. Waambie wasisahau kupima shingo, inazidi kukonda."

Tulicheka njia nzima. Kungwi naye alicheka. Lakini niliondoka na swali pale: mtu anayeweza kumbana Bhai ukutani kwa ajili ya shati la mwanafunzi asiyemjua, alishindwaje kukaa mbele ya meneja akadai la kwake? Nilikuja kumwona akiwa mbele ya meneja. Alisimama huku mikono iko nyuma. Meneja alikuwa kijana, pengine mdogo kwake kwa umri, hajui korosho inaota juu au chini. Kungwi aliitikia "ndiyo bosi" kwa kila sentensi, hata ile iliyokuwa swali la "kwa nini". Sokoni tunasema ukitaka bei nzuri uwe tayari kuondoka. Yeye hakuwahi kuwa tayari kuondoka, na wao walilijua hilo.

Chakula cha pili, kile cha kijani, kilikuwa wali uliobaki chini ya sufuria. Chande alilalamika kila siku bila kuchoka. Kungwi alijipakulia sehemu iliyoungua, akaketi kati yetu. "Ukoko una ladha," alisema. "Wale wa kwanza wanakula mvuke."

"Kungwi," Chande akamwambia siku moja, "nikuulize kwa heshima. Umewahi kuona kungwi ambaye mwenyewe hajatoka jandoni?"

Kungwi alitafuna ukoko wake mpaka ukaisha, na ukoko hauishi upesi. Kisha akamwambia, "Chande, kesho tai yako uifunge vizuri. Leo imekaa kama ulimi wa ng'ombe." Akainuka, akaenda kuosha sahani yake, na kwa kuwa alikuwa amesimama, akaosha na ya Chande.

Wageni kutoka Dar walipokuja, na walikuja mara kwa mara, tulipangwa mstari kupigwa picha pamoja nao. Sisi ndio tulikuwa vijana wazawa wanaonufaika. Kungwi alijua kupanga: warefu nyuma, wasichana mbele, mwenye shati lililofubaa katikati ya wawili wenye mapya. Akishapanga husogea pembeni, na mpiga picha humwita, "Na wewe ingia." Picha hizo zilitundikwa kwenye ukuta wa ukumbini, moja kila mwaka. Nilizipitia zote, nikarudi mwanzo nikazipitia tena, maana sikuamini. Wakubwa walibadilika, wanafunzi walibadilika, hata ukuta ulibadilishwa rangi. Yeye yumo katika kila picha, ukingoni, na kila mwaka nywele zake zimerudi nyuma kidogo, kama maji ya pwani yanayokupwa na kusahau kujaa.

Sasa nije kwenye lile la Likawage, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa, ungemwona mwoga tu.

Mama yake alikuwa Likawage, ndani huko, mkulima wa ufuta, mjane. Aliambiwa tangu mwanzo kwamba mwanawe yuko mafunzoni. Likawage mafunzo ni kitu kinachojulikana: yana mwanzo, yana maumivu, yana mwisho, na mwisho wake ni sherehe. Mama akafuga mbuzi wa siku hiyo. Mbuzi akazeeka, akafuga mwingine. Kisha kijana mmoja wa kijijini akapata kibarua cha kupakia magunia kiwandani, akarudi kijijini na habari: mwanao nimemwona, ndiye anayewafunza wenzake, wanamwita Kungwi. Mama akafanya hesabu ambayo mtu yeyote wa huko angeifanya. Hakuna kungwi ambaye hajatoka. Kama anafunza wengine, basi yeye alikwisha toka zamani, ameona haya tu kuwaambia wazee wamchinjie.

Akaita watu.

Kungwi alipata habari wakati mialiko imekwisha kwenda. Alituchukua Chande na mimi, tukapanda lori la Kampuni lililokuwa linakwenda kukusanya ufuta. Njia nzima alisema atamweleza mama pembeni kabla ya mambo kuanza. Alirudia maneno aliyoyapanga, nami nikamsaidia kuyapunguza, maana yalikuwa mengi mno kwa mama mtu mzima. Tulipokaribia uwanjani tukasikia ngoma. Kungwi alivua kamba yake ya kijani, akaisokota, akaitia mfukoni.

Mbuzi alikwisha chinjwa. Mama alikuja kutupokea akiwa na bakuli la unga, mwanamke mwembamba mwenye kanga mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, na kabla mwanawe hajamaliza kusema shikamoo akampaka unga kwenye paji la uso, akanipaka na mimi, akampaka na Chande, kwa kuwa tulikuwa wali wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanawe alikalishwa kwenye mkeka mpya, akavishwa kanzu. Kungwi akanitazama. Nimeona watu wengi wakitafuta pa kutokea, sokoni haupiti mwezi bila kumwona mmoja. Pale hapakuwapo.

Mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Leo tumepata mtu wetu ndani ya Kampuni," alisema. "Zamani tulikuwa tunaongea na Kampuni kupitia dirishani. Sasa tuna mlango. Madawati ya shule tumekwisha yaona, kilichobaki ni kuyaleta." Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi. "Mtoto wetu, utasema neno?"

Alisimama. Unga ulikuwa umemwingia kwenye nyusi, akaonekana mzee. Mama yake alikaa chini mbele yake, uso ameuinua.

"Nimesikia," alisema Kungwi. "Asanteni kwa kunitoa."

Akaketi.

Tukiwa njiani kurudi, tumekalia magunia ya ufuta, Chande alitaka kusema kitu, nikamfinya. Kungwi ndiye aliyeanza. "Mama hajakosea," alisema. "Mafunzo yakiisha mtu hutolewa. Waliokosea ni wenye mafunzo." Baada ya mwendo akaongeza, "Kilwa Masoko msiseme." Hatukusema.

Tangu hapo alikuwa na kazi mbili, ya kuwa mwanafunzi Kilwa na ya kuwa mwajiriwa Likawage, na hii ya pili ilikula posho ya ile ya kwanza. Wanakijiji walikuja kwake na harusi, na misiba, na watoto wa kusomesha. Madawati yalikwenda, machache, kwa awamu. Kisha yule mpakia magunia akaongeza habari nyingine huko kijijini: wenyewe hasa wa Kampuni huvaa kamba ya bluu. Mama akaanza kumwomba, kila akienda, amletee hiyo bluu aione. Alimjibu kwamba huachwa ofisini, ni mali ya Kampuni. Mama akasema basi siku yoyote watakayokuruhusu.

Mwaka wetu uliisha. Tuliitwa ukumbini, chini ya picha, tukashukuriwa kwa mchango wetu, tukaambiwa tutawasiliana. Chande alikwenda kwao Kinjumbi, akajaribu uvuvi na shemeji yake, kisha nikasikia yuko Dar anauza laini za simu. Wengine sijui. Aliyepata bluu katika kundi letu hakuna. Kungwi alitusindikiza mmoja mmoja mpaka lango dogo, akatudai kamba zetu, akazikunja vizuri kwa ajili ya wanaokuja.

Mimi nilirudi Mtanda, nikafungua kiduka cha vifungashio: mifuko, vikopo, lebo, kwa kina mama wanaokaanga korosho. Biashara ndogo, ila hakuna anayenipangia mlango wa kupita. Iliposimama nilimpigia simu Kungwi. Nikamwambia njoo, tugawane kazi, mimi nitanunua, wewe utauza, na katika pwani hii hakuna atakayetushinda kwa bei. Nilimpa masharti mazuri. Nilijua ni mazuri kwa kuwa yaliniuma.

"Ngoja msimu wa ufuta uishe," alisema.

"Ukiisha utaniambia ngoja korosho."

Alicheka. Kisha akasema, "Somoe, nikiacha, Likawage nitasemaje? Nimefukuzwa? Mtu hafukuzwi mahali ambapo hajaingia."

Nikamwambia ofa ipo. Akaniambia ahsante mdogo wangu, kama mtu anayekataa chai kwa adabu.

Mwaka huu nilipita Nangurukuru, pale njia panda ya kwenda Kilwa. Nilikuwa natoka Dar na mzigo, basi limesimama, abiria wanashuka kununua korosho na mayai. Nikamwona upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, shati jeupe, pasi ileile. Kichwa kilikuwa kimekwisha kuwa wazi kabisa. Na shingoni mwake mlikuwa na kamba ya bluu.

Nilivuka barabara bila kutazama, lori likanipigia honi. Sijawahi kumkumbatia mtu mbele ya watu njiani, na siku hiyo sikukumbatia, ila nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. "Kungwi. Umetoka."

Alitabasamu lile tabasamu lake la chenji. "Hujambo, Somoe. Mzigo gani?"

"Achana na mzigo. Hongera, kaka yangu. Lini? Mbona hukunipigia?"

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Basi lililofuata lilikuwa limefika, na walikuwa wanashuka vijana watano au sita wenye mabegi, mashati meupe yana mikunjo ya safari, wanaangaza huku na huku kama wageni wa mahari. Kungwi akainua mkono, wakamjia. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki kamba za vitambulisho, akaanza kuwagawia. Zote zilikuwa za bluu.

Niliziangalia. Nikaziangalia tena.

"Wamebadilisha rangi," alisema kwa sauti ya chini, ili vijana wasisikie. "Mwaka jana. Waajiriwa sasa wana nyeusi. Kijani ilibaki kidogo stoo, ikaonekana bluu ni nyingi, ikashushwa kwetu."

Nilitafuta pa kuangalia. Kondakta wangu alikuwa anagonga bodi ya basi kwa kiganja.

"Nilikwenda nayo Likawage," alisema. "Mama macho yamekwenda, haoni tena. Nilimwekea mkononi. Akaipapasa, akaniuliza, hii rangi gani, baba? Nikamwambia bluu." Aliinyoosha ile kamba kifuani pake, kitambulisho kikae sawa. "Sikumdanganya, Somoe."

"Akasema nini?"

"Aliishika mpaka akapitiwa na usingizi. Nilisubiri mpaka alegeze vidole, ndipo niichukue. Kesho yake nilikuwa kazini."

Msichana mmoja katika wale wapya, begi lake lingali mgongoni, alikuwa amesogea. "Shikamoo kaka. Samahani. Mkataba tutapewa hapa au tukifika?"

Nilijua jibu lake, lile la mwali. Nililisubiri litoke, hata midomo yangu ilikuwa imekwisha lianza. Kungwi alimtazama yule binti, akatazama shati lake, akamgeuza kidogo kwa bega, akamkunjulia ukosi uliokuwa umejikunja nyuma.

"Tukifika," alisema, "tutaanzia kwa Bhai. Mashati haya hayafai."

Kondakta akaniita mara ya pili, nikavuka.